Anza na Kombe la Mbuzi

Mpwa wangu anaishi Koru, kaunti ya Kisumu, katikati ya mashamba ya miwa. Siku chache kabla ya kujaza kozi kwenye tovuti ya KUCCPS, shirika linalowapangia wanafunzi nafasi za vyuo, aliniandikia: “Mjomba, habari za Nakuru. Nataka kusomea mifupa ya watu wa kale mpaka nifike uzamivu. Nijaze nini?”

Jibu jepesi ni anthropolojia. Jina la fani ndilo hilo, kozi ipo Maseno karibu na kwao, ipo Moi, ipo Nairobi. Ajaze, yaishe. Mimi nilimshauri aweke zuolojia mbele, au biolojia yenye masomo mengi ya wanyama, na anthropolojia aisome pembeni. Mamake, ambaye ni dada yangu, alinipigia simu usiku huohuo akitaka kujua kwa nini namvunja mtoto moyo. Simvunji moyo hata kidogo. Namtakia afike anakotaka kufika, na naona vijana wengi wa huku kwetu wakipotea palepale mwanzoni kwa kufuata jina la kozi.

Fani anayoitaka iliitwa kwa muda mrefu anthropolojia ya kimaumbile. Siku hizi wenyewe huiita anthropolojia ya kibayolojia. Hata jarida lake kuu la Marekani, lililoanzishwa mwaka 1918, lilibadilisha jina mwaka 2022. Humchunguza binadamu kama kiumbe: mifupa na meno yake, damu na jeni zake, jinsi anavyokua, visukuku (mabaki yaliyogeuka jiwe) vya waliomtangulia, na jamaa zake walio hai, yaani sokwe, nyani, kima, mbega. Katika vyuo vingi vya Marekani tawi hili limewekwa idara moja na elimu ya utamaduni, ya lugha na akiolojia. Kwa hiyo mwanafunzi wa kule anayesoma shahada ya kwanza ya anthropolojia anaweza kukaa muhula mzima maabarani akipanga mifupa mezani, tena kwa maksi. Akiambiwa “soma anthropolojia”, ameshauriwa vizuri.

Hapa nchini kozi yenye jina hilohilo kwa kawaida imeelemea upande wa jamii: ndoa, ukoo, jinsia, maendeleo, imani na afya. Ni elimu ya thamani, na nitarudi kwake. Ila mtu anaweza kuimaliza miaka minne bila kushika mfupa, bila kupima kitu kwa kalipa, kile kifaa cha kupimia unene, bila kufanya takwimu inayozidi asilimia. Kisha anaomba nafasi ya uzamivu kwenye idara itakayomketisha, muhula wa kwanza, pamoja na watu waliokwisha kusoma anatomia, jenetiki na nadharia ya mageuko ya viumbe. Ushauri wa Marekani tunausoma kwenye simu, tunaufuata neno kwa neno, na kozi tunayojikuta ndani yake ni nyingine kabisa.

Mpwa wangu alipokuja kututembelea nilimpeleka kwenye bucha ninakonunua nyama, tukaomba kombe la bega la mbuzi, tukalichemsha mpaka likawa jeupe. Nikamwuliza swali moja tu: ni la bega la kulia au la kushoto? Aliligeuza na kuligeuza. Nikamwambia alishike lile tundu la kiungo likiwa chini, na ule ukingo uliosimama juu ya bapa ukimtazama yeye. Ukingo huo haugawi bapa nusu kwa nusu. Sehemu moja ni nyembamba, nyingine pana, na ile nyembamba kwa mbuzi huelekea upande wa kichwa. Ikiwa nyembamba iko kushoto kwako, umeshika kombe la kushoto. Lilikuwa la kushoto.

Halafu nikamwambia apeleke mkono mgongoni ajipapase bega lake mwenyewe. Ukingo upo, na ile sehemu nyembamba ipo pia, ila kwake iko juu ya ukingo. Tundu la kiungo nalo halitazami chini kama la mbuzi; linatazama pembeni. Mbuzi huubebesha mguu wa mbele uzito wa mwili. Sisi mkono wetu unaning’inia, unazunguka, unatupa jiwe. Alikaa kimya kwa muda, mkono bado uko mgongoni, na mimi nikajua huyu atasoma.

Hilo ndilo jambo la kwanza ambalo shahada ya kwanza inapaswa kumpa: mwili wa mnyama mzima, kiungo kwa kiungo, na kwa nini kila kiungo kina umbo lake. Anayejua kombe la mbuzi, la nyani na la mbwa atajifunza la binadamu kwa wiki chache. Aliyekariri majina ya mifupa ya binadamu peke yake atashindwa siku atakapopewa kipande chenye ukubwa wa kidole gumba. Na visukuku karibu vyote huja kwa vipande. Mchinjaji wa mbuzi hutazama meno akakwambia umri wa mnyama kabla hujamaliza kuuliza bei. Mtaalamu wa visukuku hufanya kazi ileile. Ukichemsha mguu wa mbuzi mchanga ncha za mifupa hutengana na mpini wake, kwa sababu gegedu la ukuaji halijageuka mfupa. Kijana wa Turkana, yule binadamu wa kale ambaye mifupa yake ilipatikana Nariokotome mwaka 1984 na aliyeishi takriban miaka milioni 1.5 iliyopita, alisomwa namna hiyohiyo. Mwanzoni alikadiriwa kuwa na miaka 11 au 12. Baadaye mistari ya ukuaji ndani ya meno ilipohesabiwa, umri ukashuka hadi karibu 8. Mabishano hayo yote ni ya watu wanaojua jinsi jino na mfupa vinavyokua.

Nina sababu nyingine ya kumtaka aanze na wanyama, na iko kwao nyumbani. Mwaka 1926 mlowezi mmoja aliokota mifupa iliyogeuka jiwe kwenye chokaa ya Koru. Mwaka 1933 Arthur Hopwood wa Uingereza aliipa jina la Proconsul, kiumbe wa jamii ya sokwe aliyeishi karibu miaka milioni 20 iliyopita. Songhor si mbali na hapo. Ng’ambo ya ghuba, kisiwani Rusinga, Mary Leakey alipata fuvu la jamaa yake mwaka 1948. Fort Ternan, ukipanda kuelekea Kericho, ilitoa Kenyapithecus mwaka 1961. Kutoka Meswa Bridge, huku huku magharibi, kulitoka taya lililokaa kwenye droo ya Makavazi ya Kitaifa jijini Nairobi kwa miongo kadhaa, hadi watafiti wawili walipolitazama kwa makini na kutangaza mwaka 2019 kuwa ni la mla nyama aliyemzidi simba kwa ukubwa. Wakamwita Simbakubwa kutokaafrika. Jina la Kiswahili, mfupa wa kwetu, droo ya kwetu. Aliyelifungua droo na kujua anachokiona ni mtu aliyesomea wanyama walao nyama. Droo za namna hiyo bado zimejaa.

(Na kwa wenzake wa Koru na Muhoroni wanaosoma hapa: ukiona mfupa kwenye mwamba usiuchomoe. Tabaka ulimo ndilo linalosema umri wake, na sheria ya turathi ya 2006 inaulinda. Toa taarifa kwa Makavazi.)

Nguzo ya pili ni takwimu, na hapa ndipo ninapogombana na walimu wenzangu. Nilipokuwa chuoni mimi mwenyewe, mshauri wa masomo alinitoa kwenye darasa la takwimu akisema ni la watu wa hesabu, mtu wa biolojia halimhusu. Nilimwamini. Nililipia kosa hilo miaka mingi, kila nilipofungua makala ya utafiti na kuruka sehemu ya matokeo kwa sababu sikuielewa. Sitaki mtoto yeyote niliyemfundisha aruke sehemu ile.

Tazama nyani. Hapa jirani, kwenye ranchi ya Kekopey karibu na Gilgil, Shirley Strum alianza mwaka 1972 kufuatilia kundi moja la nyani. Mwaka 1984, mashamba yalipowazunguka, aliwahamishia Laikipia. Amboseli nyani wamefuatiliwa bila kukatizwa tangu 1971. Kakamega, kima wa msituni wamechunguzwa tangu 1979 na Marina Cords na wenzake, kizazi baada ya kizazi. Ukisikia hivyo unadhani kazi ni kukaa chini ya mti na kutazama. Kutazama tu hakutoshi, kwa sababu jicho hukimbilia kwenye vita na kupandana, likawasahau wanaokula majani kimya. Jeanne Altmann wa Amboseli aliandika mwaka 1974 makala iliyoeleza jinsi ya kumchagua mnyama wa kumwangalia, kwa dakika ngapi, na kuandika nini, ili hesabu isipendelee. Mpaka leo watafiti wa tabia za wanyama huanzia pale. Shahada yake ya kwanza ilikuwa ya hisabati.

Kwa hiyo mpwa wangu akiniambia amepata nafasi ya hisabati na takwimu badala ya zuolojia, sitalia. Atahitaji kujaza upande wa anatomia, lakini mtu anayeweza kupanga data zake na kuandika programu ya kuzichambua hukaribishwa kwenye timu yoyote. Mtu mwenye shahada nzuri ya jiolojia pia. Nyayanga, kwenye rasi ya Homa, zana za mawe na meno mawili ya Paranthropus, jamaa yetu wa kale mwenye magego makubwa, vilitangazwa mwaka 2023 kuwa vina umri wa kati ya miaka milioni 2.6 na 3. Anayeulizwa “mnajuaje?” ni mtu wa miamba, si mtu wa mifupa.

Nataka kukaa zaidi kwenye damu, maana jambo hili linatuhusu watu wa ziwani moja kwa moja. Anthony Allison alilelewa Kenya, kwenye shamba upande wa Gilgil. Mwaka 1949, akiwa mwanafunzi wa udaktari Oxford, alirudi na kupima damu za watu wa sehemu mbalimbali za nchi. Chembe za selimundu, yaani chembe nyekundu za damu zinazojikunja kama mundu kwa sababu ya jeni ya kurithi, alizikuta kwa wingi pwani na kandokando ya ziwa, na kwa uchache sana kwenye nyanda za juu. Akauliza kwa nini jeni inayoua watoto isififie. Jibu lilikuwa malaria: aliyerithi jeni hiyo kwa mzazi mmoja tu hupata kinga. Makala zake za 1954 ni miongoni mwa mifano ya kwanza iliyo wazi ya uteuzi wa asili kwa binadamu, na kiini chake ni sisi. Huyu hakuwa na shahada ya anthropolojia. Alikuwa na biolojia, udaktari, na swali alilolipata kwa kukulia mahali fulani.

Lakini soma makala hiyo mpaka mwisho. Allison aliwachukua wanaume 30 Wajaluo, 15 wenye jeni hiyo na 15 wasio nayo, akawaambukiza vimelea vya malaria. Katika wale wasio nayo, 14 walionekana na vimelea. Katika wenye nayo, 2. Hesabu haina utata. Wanaume wale walielezwa nini, kwa lugha gani, na wangeweza kukataa? Leo hakuna kamati ya maadili ya utafiti ambayo ingepitisha jaribio lile lilivyofanywa. Kila ninapolifundisha huona wanafunzi wakishangilia tofauti ya 14 na 2, kisha mmoja nyuma ya darasa ananyosha mkono kuuliza kuhusu wale watu. Swali hilo ndilo linalofundishwa kwenye kozi ya anthropolojia ya jamii, na ndiyo maana sikumwambia mpwa wangu aiache.

Fani hii ina historia nzito. Vizazi vya wataalamu wake walipima mafuvu ili kuyapanga mataifa ya watu kwa daraja, na Afrika iliwekwa chini. Anayeingia bila kujua hayo anaweza kuyarudia. Na huku kwetu mfupa wa mtu si kitu cha mezani tu. Nani asiyekumbuka kesi ya S.M. Otieno, mwili uliokaa zaidi ya miezi 5 bila kuzikwa, mjane na ukoo wakigombania mahakamani pa kumzika, mpaka alipolazwa Nyalgunga mwezi Mei 1987? Hyrax Hill, kilima cha pimbi hapa nje ya mji wa Nakuru, Mary Leakey alichimba makaburi mwaka 1937 na 1938. Wanawake walikuwa wamezikwa na vyombo vya mawe, wanaume hawakuwa navyo. Biolojia itakwambia nani ni mwanamke kwa kutazama nyonga. Kwa nini sahani iwe kwake na si kwa mumewe, biolojia haijui. Masomo matatu au manne ya jamii, yaliyochaguliwa vizuri, pamoja na akiolojia moja, yatamfundisha kuuliza. Ninachokataa ni hayo kuwa shahada nzima na biolojia kuwa kitu cha kuokoteza baadaye. Mtu husoma kitabu cha nadharia peke yake kitandani akakielewa. Anatomia hailiwi hivyo, inahitaji meza, maabara na mtu wa kukusahihisha.

Kuna tawi la uchunguzi wa maiti kwa ajili ya sheria, na wazazi hulipenda kwa kuwa linasikika kama kazi yenye mshahara. Tumeona haja yake: miili iliyopatikana mto Yala mwaka 2022, makaburi ya Shakahola mwaka uliofuata yenye maiti zaidi ya 400. Anayelitaka hilo apitie udaktari au anatomia, moja kwa moja, bila kuzunguka.

Sasa tuseme amepata biolojia yake. Vyuo vya Marekani huchukua mtu wa uzamivu hata akiwa na shahada ya kwanza tu, na idara nyingi humlipia karo na kumpa posho kwa kufundisha madarasa ya awali. Mara nyingi ni hayo hayo ya mifupa, na ndipo anatomia inapolipa chakula. Uingereza huanza na utafiti moja kwa moja na kwa kawaida hutarajia uzamili kwanza. Afrika Kusini isisahaulike. Fredrick Kyalo Manthi wa Makavazi yetu alisomea uzamivu Cape Town. Kote huko wanaosoma maombi hutazama maksi, ndiyo, na daraja la pili la juu ni kama sharti. Kinachomtenganisha mwombaji na mwenzake, kwa maoni yangu, ni kama amewahi kulifuata swali moja mpaka mwisho. Mradi wa mwaka wa nne, ambao wengi huununua kwa watu wa saibakafe au kuuandika usiku mmoja, ndio silaha yake kubwa kuliko zote. Apime meno ya mbuzi 60 kichinjioni akilinganisha uchakavu na umri. Aende mbuga ya Lake Nakuru, pale kwenye jabali la nyani, ahesabu kila dakika 10 nani anakula na nani anamchambua mwenzake manyoya. Haihitaji fedha nyingi. Mwalimu aliyeusimamia mradi huo ataandika barua ya kumtambulisha yenye mambo ya kweli ndani yake, na yeye atakuwa na la kumwambia profesa wa ng’ambo zaidi ya “naipenda sana fani hii”.

Mamake aliniuliza: na kama hayo ya uzamivu yasipotokea? Ni swali la haki, maana mkopo wa HELB, ile bodi ya mikopo ya elimu ya juu, haungoji ndoto. Mwenye zuolojia anaweza kuajiriwa kwenye wanyamapori, kwenye maabara za utafiti wa malaria Kisumu, na akiongeza mafunzo ya ualimu, shuleni kama mimi. Nilimwambia dada yangu hivyo, na hilo lilimtuliza kuliko Proconsul.

Walio nyuma yake wanapaswa kuamua mapema zaidi. Chini ya mtaala wa umilisi mtoto anaingia Gredi ya 10 akiwa tayari amechagua mkondo. Mwenye hamu ya binadamu wa kale ataona Sayansi za Jamii na kusema hapa ndipo, kwa sababu watu wako hapo, historia iko hapo. Mkondo wake ni STEM, yaani sayansi, teknolojia, uhandisi na hisabati, na asipoingia sasa, biolojia na hisabati za chuoni zitakuwa zimefungwa kabla hajafikisha miaka 18. Walimu wenzangu wa Nakuru na Kisumu, tafadhali tulisemeni hili kwenye vikao vya wazazi.

Ninalisisitiza kwa sababu ya Kamoya Kimeu. Ndiye aliyeliona lile pande la kwanza la fuvu la Nariokotome, kokoto dogo miongoni mwa kokoto, naye hakupata kusoma zaidi ya shule ya msingi. Macho yake yalijenga majina ya wengi. Alituzwa, akaheshimiwa, hata jenasi moja ya sokwe wa kale ikaitwa Kamoyapithecus. Kizazi kilichomfuata kilikuwa na Isaiah Nengo, aliyeanzia Chuo Kikuu cha Nairobi, akachukua uzamivu Harvard, akarudi Turkana na kuongoza utafiti wa fuvu la Alesi, la miaka milioni 13, lililotangazwa mwaka 2017. Fuvu lenyewe liliokotwa na John Ekusi, Mkenya. Safari hii na jina la kwanza kwenye makala lilikuwa la Mkenya. Nengo alitutoka mwaka 2022, mwaka uleule wa Kamoya. Nafasi zao zipo.

Mpwa wangu aliweka zuolojia chaguo la kwanza. Juzi amenitumia picha kutoka Koru: kombe la mbuzi juu ya sinia, tundu chini, ukingo juu, sehemu nyembamba upande wa kulia. Chini yake ameandika, “Mjomba, hili ni la kulia. Na huyu alikuwa mchanga, ncha imetoka.”